Kibuyu cha Maji Njiani Kwenda Harusi ya Dada Mbuke

Tulianza safari Alhamisi ya wiki iliyofuata Pasaka, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Nina uhakika na saa kwa sababu Baba alisimama mlangoni na simu mkononi akitutajia dakika kama mtangazaji wa redio. Nyie wa bwenini mmeniuliza mpaka basi, na mnanijua: hata nikiitwa kujibu swali darasani natamani dawati linimeze. Kwa hiyo nimeandika. Someni, mpeane, halafu msiniulize tena.

Kakese mpaka Mpanda mjini

Anayeolewa ni Dada Mbuke. Ni mtoto wa marehemu baba mkubwa, na Bibi ndiye aliyemlea tangu hajaota meno. Siku hizi anafundisha shule ya msingi kule Mpimbwe. Akapata mchumba huko huko, mkulima wa mpunga, Mkatoliki, Mpimbwe wa kuzaliwa, na ndoa ilikuwa ifungwe Jumamosi kanisani kwao. Siku Dada alipopiga simu alisema mambo mengi, lakini moja alilirudia: bila Bibi haingii kanisani.

Shida ni kwamba Bibi alikuwa na presha, na miguu yake ilikuwa imevimba hata ndala hazimtoshi. Baba alijaribu kumzuia. Alisema tutampigia Dada simu ya picha, Bibi ataona kila kitu akiwa amekaa kwenye kiti chake. Bibi akamjibu kwamba simu haina mdomo wa kutemea maji.

Hapa lazima nieleze, maana wengine nyie si Wasukuma, na hata kwa Wasukuma kila ukoo una mambo yake. Kwetu binti haachiwi aende hivi hivi. Bibi yake anachukua maji ya kisima cha nyumbani, anayaweka mdomoni, anampulizia kifuani mbele ya watu. Lakini kabla ya kuweka maji mdomoni anasema, "Sina neno moyoni." Kama analo, iwe kinyongo au jambo alilomficha, analitoa kwanza hapo hapo, hata kama ni la aibu. Asipolitoa, Bibi alikuwa anasema, hayo ni maji ya kunawia mikono tu.

Maji ya Dada Mbuke yalikuwa kwenye kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi la hindi, na mbebaji nilikuwa mimi. Si kwamba nina akili kuliko wengine. Ni kwa sababu nimerithi jina la Bibi, Nkwimba, na yeye alikuwa ananiita wajina. Mama alibaki nyumbani na ng'ombe. Alinifunga kibuyu kiunoni kwa kitambaa akaniambia nisikiweke chini.

Gari lilikuwa Kanta ya kukodi, nyuma limefunikwa turubai, tumekaa juu ya magunia ya mchele na godoro la Bibi. Dereva ni Mfipa anaitwa Sumuni. Alipoona Baba na Mama wanamnyanyua Bibi kumpandisha, alituuliza kama Wasukuma siku hizi tumeishiwa ng'ombe mpaka tunapeleka vikongwe harusini. Bibi alicheka kuliko wote. Akamwambia Mfipa ashike usukani, mambo ya ng'ombe hayawezi.

Mpanda mpaka Sitalike

Mjini tulimngoja Shangazi Holo, dada yake Baba, ambaye ana genge la kuuza migebuka sokoni na hakuwa tayari kuondoka kabla samaki hawajaisha. Tuliegesha karibu na soko mpaka jua likawa kali, bajaji zinatupigia honi. Tulikula maandazi na michembe, vile viazi vitamu vikavu, aliyobeba Bibi kutoka nyumbani. Wajomba wawili walishuka kununua vocha wakapotea. Mnajua safari za ukoo.

Shangazi alipokuja, alikuja na mfuko wa sare, kitenge cha bluu kilichoiva, nguo moja kwa kila mwanamke. Alikuja pia na madumu mawili ya manjano aliyoyajaza maji bombani. Alitangaza kwa sauti yake ile ya sokoni kwamba dumu moja ni la kunywa na jingine ni la kuongeza kwenye injini, maana Sumuni alishasema gari linachemka. Ila hakuweka alama. Madumu yalikuwa mapacha.

Tulipofika Sitalike mvua ilinyesha kama imetumwa. Kwenye geti la mbuga ya wanyama wakatuambia barabara ya ndani imekuwa tope, magari yamekwama, tusubiri asubuhi. Tukalala pale kwenye nyumba ya wageni, wanawake wote chumba kimoja. Kabla ya kulala tulikula wali na kambale kwa mama mmoja mwenye banda karibu na daraja. Viboko walikuwa chini yetu mtoni, wanakoroma, na yule mama anawasema kama majirani zake wabaya: yule mkubwa mchokozi, yule ana mtoto, yule hana adabu.

Bibi hakula. Alinisimulia alivyopuliziwa maji yeye mwenyewe na bibi yake, nchi ya Usukuma, kabla hawajahama na ng'ombe kuja huku. Alisema bibi yake alisimama akasema mbele ya wakwe kwamba neno analo: hakumpenda bwana harusi, anamwona mvivu. Watu wakainamisha vichwa. Alipomaliza kulisema ndipo akaweka maji mdomoni.

Nikamuuliza, "Na babu alikuwa mvivu kweli?"

"Sana," Bibi alisema. "Lakini maji yalishika."

Asubuhi Shangazi aliamuru tuvae sare, maana saa sita tungekuwa kwa wakwe na hataki tuonekane tumetoka kulala. Watoto walikuwa na tope mpaka magotini. Wanawake wakachukua dumu, wakawaosha miguu, na wenyewe wakanawa uso, wakisema hili ndilo la injini na mtoni yako mengine, Sumuni atachota. Sumuni alikuwa anakunywa chai. Hakuna aliyemwambia.

Ndani ya mbuga

Askari getini alitukataza kushuka kwenye gari kwa sababu yoyote. Sumuni alitutazama na sare zetu akatikisa kichwa. Alituonyesha vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyoning'inizwa kwenye miti kando ya barabara. Akasema hiyo ni mitego ya mbung'o, maana mbung'o anapenda bluu kuliko damu ya nyumbani kwake, na sisi tumejishonea mitego tukaivaa.

Shangazi akasema huo ni uzushi wa Kifipa. Baada ya muda mfupi tu walikuwa wametujaa. Mbung'o si kama mbu, akiuma unahisi umechomwa sindano ya hospitali, tena kupitia nguo. Watoto wanalia, wanawake wanajipiga migongoni kwa matawi, mtu anamzaba mwenzake kofi la shingo kumsaidia. Mwanzoni tulicheka. Bibi alikuwa amelala godoroni na mimi nampepea kwa kanga. Alikuwa na shuka lake jeusi na nalo walilipenda.

Tulikwama katikati kabisa. Mbele yetu kulikuwa na lori la mpunga limezama magurudumu ya nyuma, limeziba njia, na wenye lori walikuwa hapo tangu jana. Jua lilitoka, tope likaanza kutoa mvuke, na chini ya turubai kukawa kama ndani ya tanuri. Sumuni alizima gari, akaliwasha, akajaribu kupita pembeni, injini ikachemka. Tulimwona kwa nyuma akichukua dumu na kupeleka mbele. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alijua ni maji ya injini.

Bibi alipoomba maji ndipo Shangazi akanyanyua dumu lililobaki, likapanda juu kama kopo tupu. Kulikuwa na tone la kufunika kucha. Akaita Sumuni. Sumuni akaja, akaangalia dumu, akaangalia miguu ya watoto. Alisema yeye aliambiwa maji yako nyuma, akayachukua. Wakaanza kulaumiana, Shangazi na wale wajomba na Sumuni, mpaka Baba akawaambia wanyamaze, kelele hazinyweki.

Kwenye lori la mpunga kulikuwa na mama wa Kipimbwe anarudi kwao. Maji nao yalikuwa yamewaishia. Alitupa, kwa kurusha, chupa ya soda iliyofika nusu, ya moto kama chai. Bibi alikunywa mafunda mawili akasema ni tamu kama dawa ya watoto, hawezi tena. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Mimi nilikuwa na maji kiunoni. Nilikuwa nayahisi yanacheza kila nikijisogeza. Mnajua mimi huwa sianzishi neno, lakini nilikifungua kitambaa nikamshikisha Bibi kibuyu.

"Kunywa, wajina."

Alikishika, akalipapasa gunzi kuona kama lipo sawasawa, akanirudishia. "Haya ni ya Mbuke."

Baba alipanda nyuma akapiga magoti mbele yake. Sijawahi kumwona Baba akipiga magoti. Akamwomba anywe, akamwambia tutachota mengine popote, maji ni maji. Bibi akamjibu taratibu, kwa Kisukuma, kwamba akiyanywa hayo basi tumembeba njia yote hii kwenda kufanya nini. Baba alitaka kumlazimisha. Nilichovya pembe ya kanga kwenye kibuyu nikaisogeza midomoni mwake, akafunga meno.

Trekta lilikuja kulivuta lile lori mchana umeshapinda. Tuliposikia injini yake watu wote walishangilia. Bibi alinishika mkono akasema anasikia baridi. Nilimfunika na sare yake, ambayo hakuwa ameivaa. Gari likaondoka, upepo ukaingia chini ya turubai, mbung'o wakapungua, watoto wakalala. Nilifurahi kwamba na yeye amelala. Niliendelea kumpepea.

Shangazi ndiye aliyenishika mkono akaniambia niache.

Mji wa kwanza baada ya mbuga

Kwenye kituo cha afya mganga alimpima dakika chache tu akamwita Baba pembeni. Hatukuhitaji kuambiwa. Shangazi ndiye aliyemfumba macho Bibi na kumfunga taya, akamfunika.

Halafu watu wazima walikaa chini ya ukuta, sisi tukiwa kwenye gari, lakini nilisikia. Msiba ukitangazwa harusi inasimama, na ikisimama hakuna anayejua itafungwa lini, maana wakwe wataanza kusema bibi harusi ana mkosi, amemmaliza bibi yake njiani. Wengine walitaka turudi. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mama yake alikataa maji ili harusi hii iwe, kwa hiyo itakuwa. Yeye atabaki na mwili. Sisi tutaenda tuseme Bibi amezidiwa, amelazwa, mwanawe yuko naye. Jumapili asubuhi atakuja mwenyewe kumwambia Mbuke.

Alikuja nyuma ya gari akatutazama mmoja mmoja. "Hakuna atakayelia," alisema. "Anayeona hawezi, ashuke abaki na mimi."

Nilitaka kushuka. Nilishasimama. Shangazi akanishika bega akanirudisha, akaniuliza kibuyu kiko wapi. Nikamwonyesha. Akasema yeye ameshika maiti, hawezi kumpulizia binti maji, na wanawake wengine wameolewa tu kwenye ukoo. "Nkwimba hayupo, Nkwimba yupo," alisema. "Kesho ni wewe."

Kutoka pale mpaka kwa wakwe barabara inapita katikati ya mashamba ya mpunga, kijani mpaka macho yanauma. Sumuni hakusema utani hata mmoja. Alisimama bombani akajaza madumu yote mawili mwenyewe.

Kwa wakwe

Walitupokea kwa nyimbo. Wanawake wa Kipimbwe walitoka barabarani na matawi, wakazuia gari, wakacheza mbele yake, ndiyo furaha yao. Shangazi aliruka chini akacheza nao. Sijui alitoa wapi miguu. Walitupikia wali mpya unaonukia mpaka nje, na kuku, na mlenda. Nilikuwa na njaa na nilikula, na hilo bado linanishangaza.

Dada Mbuke alikuja mbio akaenda moja kwa moja nyuma ya gari, akafunua turubai. Aliona godoro tupu. Shangazi akamwambia habari ya kulazwa. Dada akataka kupiga simu. Shangazi akasema simu ya Baba imeisha chaji, kule umeme umekatika. Dada akanitazama mimi. Niliangalia kuku.

Usiku ule nililala naye kitanda kimoja kwa sababu mdogo wa bibi harusi ndiyo kazi yake. Hakuniuliza kitu. Nilijifanya kusinzia mapema.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, watu walikusanyika uani. Wakwe, majirani, katekista, wote walitaka kuona hayo mambo ya Wasukuma. Dada alikaa kwenye mkeka na shela lake, kifua kimefunikwa kanga. Shangazi akaeleza kwamba bibi ni mgonjwa lakini wajina wake yupo, na kwetu ni mtu yule yule. Wakapiga vigelegele. Nikasimama mbele yao wote.

Nilitakiwa kuanza na yale maneno. Sina neno moyoni. Ni maneno matatu, nilikuwa nimeyarudia njia nzima. Nilifungua mdomo. Nikamwona Bibi anafunga meno. Kila mtu akasubiri, mtoto mmoja akaanza kucheka, Shangazi akanifinya mgongoni. Nilijua nikisema nina neno, harusi imekufa na Bibi amekufa bure. Na nikisema sina, nimemwaga maji yale yale aliyokataa kuyanywa.

Nikafungua gunzi nikayaweka maji mdomoni bila kusema chochote.

Watu wetu wakaguna. Wakwe hawakujua kama kuna kilichorukwa. Niliinama mbele ya Dada, mashavu yamejaa, na yeye akanishika uso kwa mikono miwili. Alijua. Aliyajua maneno yale kuliko mimi. Akanisogeza mpaka paji langu likagusa lake, akaniuliza kwa Kisukuma, chini chini, hata Shangazi hakusikia.

"Bibi ameondoka?"

Nilikuwa na maji mdomoni. Sikutikisa kichwa. Machozi tu ndiyo yaliyotoka, nikashindwa kuyazuia, yakamdondokea mkononi. Akayatazama. Alivuta pumzi mara moja, ndefu, kama mtu anayetaka kujitwika debe kichwani.

"Basi sasa huna neno," alisema. "Nipulizie."

Nikampulizia.

Kanisani alijibu maswali yote ya padri kwa sauti iliyofika mlango wa nyuma. Alilia, na wanawake wa Kipimbwe wakaambizana bibi harusi ana adabu, anajua kulia. Alikata keki. Alicheza. Kila Shangazi alipomtazama alitabasamu, na Shangazi akatabasamu pia, kila mmoja anamlinda mwenzake.

Jumapili asubuhi

Baba alifika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Wazee walimwita Dada ndani, wakamkalisha katikati, nami nikakaa pembeni yake. Baba alizunguka sana kwa maneno kabla ya kufika. Chini ya kanga Dada alinishika vidole, akavibana kadiri Baba alivyokaribia neno lenyewe. Lilipotoka ndipo akaviachia, akapiga yowe. Halikuwa yowe la kuigiza. Lilikuwa limengoja tangu jana. Shangazi alimkumbatia akimwomba msamaha kwa kumficha, na Dada akamwambia amesamehe. Kwamba alishajua tangu uani hajamwambia mpaka leo, na nyie mtakaosoma hapa msije mkamwambia.

Alivua nguo za harusi akavaa kanga mbili, akapanda nyuma ya Kanta na mumewe, twende tukamchukue Bibi tumrudishe Kakese. Sare za bluu tuliziacha zote kwa wakwe.

Sumuni aliwasha gari, akauliza kwa sauti ya chini kama maji yapo. Nilishuka. Nilipeleka madumu bombani, nikayajaza, nikafunga kitambaa cheupe kwenye mkono wa dumu moja, kile kitambaa cha kibuyu. La injini nilimpa Sumuni mkononi. Lile la kitambaa nikalipandisha nyuma, nikalikalia, na sikuinuka mpaka tulipovuka mbuga.